Mawe Kumi na Mawili Yasiyo na Mama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Kulamawe likiwa bado halijakolea, Arero Galgalo amechuchumaa mbele ya safu ya mawe. Anainua moja, analipangusa vumbi kwa kiganja, analigeuza ili upande wenye doa jeusi utazame juu, kisha analirudisha chini taratibu. Anahamia la pili.

Mawe yako kumi na mawili, na mengi hayazidi ukubwa wa mkate. Mpita njia angedhani ni fundi anayechagua ya msingi, na pengine angemcheka kwa kuchagua sana mahali ambapo hata jina la mji lina mawe ndani yake.

Haya si ya msingi. Kila moja liliwekwa na mama juu ya kaburi la mtoto wake. Arero ndiye aliyesababisha yakang'olewa, na sasa anawasubiri wenyewe waje wayatambue kabla kiwanja hiki kipya cha mapumziko hakijakabidhiwa wakazi mwisho wa mwezi huu. Yatakayosalia siku hiyo yatapangwa pamoja kando ya ua wa makaburi, bila kujulikana lipi ni la nani.

“Mimi sitaki hata moja ibaki,” anasema bila kuinua macho. “Jiwe ikibaki, basi mtoto wa mtu amepotea mara ya pili. Na mara hii ni mimi nimempoteza.”

Arero ana umri wa miaka 47. Ameajiriwa na Kivuli, kampuni ndogo ya usanifu wa mandhari yenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga unga mtaani Chechelesi, mjini Isiolo. Kampuni hubuni viwanja vya watu wote: mahali pa kupumzikia, pa kukutania, pa watoto kuchezea. Ina watu watatu tu.

Mwanzilishi wake ni Ruweida Mohamud, msanifu aliyesomea Nairobi kisha akarudi nyumbani, ingawa jamaa zake hawakuelewa ni kazi gani hiyo ya kuchora miti. “Shangazi yangu mpaka leo anawaambia watu nauza maua,” anasema. Wa pili ni Wakiuru, anayelea miche na kuihamishia viwanjani. Wa tatu ni Arero, na kazi yake haina jina katika barua ya ajira ya mtu yeyote. Wenzake wanasema anasoma miguu.

Hadi mwaka 2022 alikuwa mfugaji upande wa Merti, mwenye ng'ombe sitini na wanne. Ukame ulipokwisha alikuwa na wanne. Aliwauza hao wanne, akaja mjini akiwa na fimbo na nguo alizovaa, akawa anabeba mchanga kwenye mijengo.

Ruweida alikutana naye katika mmoja wa mijengo hiyo. “Aliangalia ramani yangu, tena ameishika juu chini, akaniambia hili lango halitatumika. Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha chini. Watu wote walikuwa wanapita upande mwingine kabisa.” Akamwajiri wiki hiyo hiyo.

Tangu hapo Kivuli haichori mstari kabla ya Arero kutembea. Kwa siku saba mfululizo yeye hufika kiwanjani asubuhi, mifugo haijatoka, akiwa na mkebe wa chokaa. Pale miguu ilipopita, anamwaga chokaa kidogo. Miguu ikiwa mingi, hapo patakuwa njia. Ikisimama simama, hapo panataka benchi.

Ana sharti moja ambalo halivunji. Mahali ambapo hakuna mguu wa mtu, yeye hakanyagi. Anazunguka, hata kama jua linamchoma na njia ya mkato iko wazi mbele yake. “Ukiweka mguu yako hapo, umeharibu. Kesho utasoma mguu yako mwenyewe, ufikirie ni ya watu.”

Mwezi Februari alizisoma siku zake saba hapa Kulamawe. Katikati ya kiwanja alikuta kipande cha ardhi, ukubwa wa madarasa mawili hivi, kisicho na unyayo hata mmoja. Palikuwa na mawe madogo yametawanyika na nyasi kidogo. Kila aliyevuka kiwanja alikizunguka. Arero naye akakizunguka na mkebe wake, siku zote saba, na mwisho akaandika juu yake katika karatasi neno moja kwa herufi kubwa: TUPU.

“Neno moja tu,” anasema Ruweida, na sauti yake inapungua. “Na mimi nikafurahi. Msanifu akiona patupu, anaona pa kujengea. Nikaweka bembea hapo.”

Mkutano wa wakazi ulifanyika shuleni. Ramani ilitundikwa ubaoni, na mara tatu wakaulizwa kama kuna mwenye neno. Wanaume walizungumza kwa kirefu kuhusu tangi la maji liwekwe wapi. Wanawake walikuwa wameketi nyuma, wametulia, na kumbukumbu za mkutano zikaandikwa kwamba hakuna aliyepinga.

Greda ya kusawazisha ardhi ilifika Jumanne moja ya Machi. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Arero alikuwa upande wa pili akigongelea vigingi aliposikia ukelele, na alipogeuka akamwona mwanamke anakimbia miguu mitupu, mtandio umemwanguka, moja kwa moja kuelekea kwenye mashine. Akajitupa chini mbele yake.

Mwanamke huyo ni Ikra Abdub, mama wa miaka 34 mwenye duka dogo la sukari na majani ya chai hatua chache kutoka kiwanjani. Ndiye aliyewaeleza Kivuli, akiwa bado ameketi mavumbini, ni nini walichokuwa wamekikwangua.

Wakati wa ukame, familia zilizoishiwa na mifugo zilipiga kambi hapa. Maji yalikuwa haba na chakula hakikutosha. Watoto wachanga ndio walioanza kwenda, mmoja leo, wawili kesho, na mama zao waliwazika hapo kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu za kwenda mbali. Siku zile hakuna aliyeuliza mtoto ni wa kabila gani au dini gani. Hakukuwa na mbao wala majina. Kila mama aliokota jiwe, akalitazama mpaka akalijua, akaliweka.

Greda ilikuwa imekwangua udongo wa juu tu, na makaburi hayakufunuliwa. Kazi ilisimamishwa saa hiyo hiyo. Shehe aliitwa, akasoma dua, akasema ardhi ile isiguswe tena. Lakini mawe thelathini na moja yalikuwa rundo moja pembeni.

Arero alimuuliza Ikra kwa nini hawakusema mkutanini. Jibu lake bado hajalimeza.

“Mimi niliwaambia wenzangu tusiwe na wasiwasi,” Ikra anasimulia mwenyewe, akipanga pakiti za majani ya chai ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. “Tulimwona huyu siku saba akizunguka. Hakukanyaga hata kidogo. Tukasema huyu ni mtu wetu, anajua, na ameshawaambia. Sasa nani angesimama mbele ya wanaume kutaja mtoto wake aliyekufa, aeleze kitu mtu anajua?”

Ninapomrudishia Arero maneno hayo, anaondoka kwenye mawe yake na kusimama mbali kidogo, akiutazama uwanda. Anaporudi macho ni mekundu, na hajali kuyaficha.

“Hiyo ndiyo iliniua,” anasema. “Ng'ombe yangu akikataa kukanyaga pahali, mimi siulizi mara mbili. Najua kuna kitu. Sasa binadamu wamekataa kukanyaga, tena wote, na mimi naandika tupu. Wallahi, mji ilikuwa imeniharibu.”

Kwa wiki mbili hakuonekana ofisini. Wakiuru alikuwa akimpelekea chai na mkate chumbani kwake. “Narudi jioni napata chai iko vile vile, imeganda juu,” anakumbuka. “Nikamwambia, Arero, ukikufa na njaa utakuwa umesaidia nani? Asubuhi yake akakuja, hajasalimia mtu, akaitisha zile karatasi zake.”

Alikuwa amekumbuka kitu. Katika karatasi za Februari kulikuwa na vijia saba vyembamba vilivyotoka majumbani, vikafika ukingoni mwa kile kipande, vikaishia hapo na kugeuka. Wakati ule alivitia alama ya msalaba na kuviita njia zilizokufa, maana hazikwenda popote. Sasa alizitazama tena na kuelewa. Ni mama aliyekuja, akasimama, akarudi nyumbani kwake.

Kwa vijia hivyo na vigingi vyake aliweza kuonyesha kila mmoja alikuwa akisimama wapi. Ruweida ndiye aliyewaita akina mama, mmoja mmoja, bila mwanamume kuwepo. Ikra alikuwa wa kwanza. Alisimama mwisho wa kijia chake, akanyoosha mkono, akaonyesha. Halafu akaenda kwenye rundo na kugeuza mawe karibu saa nzima, mpaka alipopata moja lenye mshipa mweupe. Alilibeba kifuani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

Saba walitambua yao kwa njia hiyo. Hao wakawaita dada na mashemeji waliokuwa nao kambini, wakasaidiana kukumbuka nani alimlaza wake pembeni mwa nani. Mawe kumi na tisa yamekwisha kurudi.

Ikra pia ndiye aliyeamua kuhusu bembea. Ruweida, kwa aibu na heshima, alikuwa amezihamishia mwisho kabisa wa kiwanja, karibu na barabara. Akina mama wakakataa. “Nilimwambia alete karibu,” anasema Ikra. “Wetu hawakupata wa kucheza nao. Wasikie basi kelele ya wengine.” Nguzo za bembea sasa zimesimama si mbali na ua wa makaburi, na kati yake Wakiuru amepanda miarobaini anayoimwagilia kwa debe.

Siku moja Arero alimwomba Ikra msamaha. Alimjibu bila kupindisha: “Yangu umepata. Ya wenzangu si yangu kupeana. Uende uombe mwenyewe.”

Wenzake Ikra walitawanyika mvua iliponyesha. Wako Merti, wako Garba Tula, wengine hakuna anayejua. Kwa hiyo Arero amepiga picha kila jiwe kwa simu yake, na siku za mnada mjini Isiolo husimama kwenye lango la soko la mifugo akiwaonyesha wapitao. Vijana wanamwita Arero wa Mawe. Mmoja alimuuliza kilo ni pesa ngapi. Arero hucheka nao, kwa sababu mtu anayecheka husimama, na akisimama huenda akatazama picha.

Wiki iliyopita aliyesimama ni Emuron, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kipsing. Hakucheka. Alisema anamjua Mturkana mmoja aitwaye Alice, ambaye mumewe alikuwa akichunga mifugo ya watu na ambaye aliishi katika kambi ile. Akapiga simu hapo hapo kwa jirani wa mama huyo, na baada ya kungoja kidogo Alice akapewa simu.

Arero alijieleza, kisha akasema atamtumia picha za mawe ili achague lake.

“Usitume,” Alice alimwambia. “Mimi sikuweka jiwe. Sikuwa na nguvu ya kubeba. Nilifunika na mchanga, nikaweka mkono juu, nikaenda.”

Soko lilikuwa na kelele zake, mbuzi wanalia, watu wanabishana bei, naye Arero ameshika simu ya mtu mwingine sikioni na hasikii kitu.

“Nilikuwa nahesabu mawe,” ananiambia. “Nikajua hapo, watoto si thelathini na moja. Ni wangapi, Mungu ndiye anajua. Hata wa Alice nisingejua kama yuko, ningesema kazi imekwisha.”

Jioni hiyo Ruweida alichora ua upya, ukisogea nje mpaka kwenye mstari wa chokaa wa Februari, ili kila mahali palipozungukwa pawe ndani. Ramani hiyo imetundikwa ofisini. Haina neno lolote katikati.

Jumamosi hii Arero atakwenda Kipsing. Wengi wamemshauri asiende. Kuna misimu ambayo watu wa kabila lake na wa huko wamegombania malisho na maji, na mwanamume mgeni anayeuliza maswali hatazamwi kwa jicho jema. Emuron amekubali kumsindikiza. Wakiuru amemwambia awe na simu yenye chaji, kisha akageuka na kujifanya anamwagilia miche iliyokwisha kumwagiliwa.

Anachokitumaini ni kurudi na Alice kabla ya kiwanja kukabidhiwa. Kisha ataendelea na kumi na mawili yake, mnada hadi mnada, hata kama ua utakuwa umekwisha kufungwa, maana anasema ataacha lango. Ninamuuliza, Alice atakapofika atafanya nini, ilhali miaka imepita na hakuweka alama yoyote.

“Amesema akisimama hapo atajua,” Arero anajibu. Anainama tena kwenye safu yake. “Nimemwambia anionyeshe pahali tu. Achague jiwe yoyote anataka, hata kama ni kubwa. Kubeba nitabeba mimi.”