Nyuki wa Kabatini kwa Bi Nadhira

Asubuhi yao ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Bi Kazija alichota makaa jikoni, akatia kwenye chetezo, akaweka kipande cha udi, akaifukiza kanzu ya mumewe. Kisha akampaka mafuta ya halud nyuma ya masikio. Mzee Shaame alikuwa akila muhogo. Hakuna aliyesema neno la kukumbukwa.

Mara Bi Nadhira, jirani yao hapo Ole, akaingia mbio, hodi na kuingia pamoja.

"Kazija, nyuki! Wamo kwenye lile kabati bovu ukumbini, ubavuni mwa chumba cha Rahila!"

Rahila ni bintiye Nadhira, na alikuwa na kichanga cha siku sita.

"Mume wangu kenda kutafuta mafuta ya taa, awachome."

Shaame aliuweka muhogo chini.

Kazija alizaliwa Kiuyu, na kazi ya nyuki alifunzwa na babake. Ole nzima ilimjua. Alishawatoa darini, kwenye tangi la maji, hata ndani ya kipaza sauti cha msikiti, akawahamishia mizingani, mikarafuuni. Hakuua hata mmoja. Kabla ya kugusa sega hupiga hodi. Mumewe yeye, akisikia mvumo wa nyuki mmoja, hujifungia ndani, na watu humcheka.

Lakini mwaka uliopita, msimu wa karafuu, Kazija aliumwa na nyuki mmoja shingoni. Ulimi ukavimba, koo likaziba. Daktari akamwambia Shaame mbele yake: mwiba mwengine utamuua. Tangu siku hiyo Shaame hakulala usingizi wa kushiba.

"Kazija, daktari kasemaje?"

"Kasema nisiumwe. Hakusema nisende."

"Kwa mwoga huenda kicheko, mke wangu."

"Na kwa shujaa huenda asali," akajibu, akacheka peke yake. Alipoona mumewe hacheki, akakaa kitako mbele yake. "Baba Suhaila, wale wakitiwa moto watamiminikia kitandani kwa mtoto. Mimi nikae hapa nikisikiliza?"

Shaame alichukua kofia yake.

Kazija akanawa mikono mpaka viwikoni kwa maji matupu. "Wewe nenda zako msikitini. Na usinifuate na manukato yako hayo. Nyuki hayataki."

Shaame alikwenda. Hotuba ilimpita masikioni. Alisujudu akaomba jambo moja tu. Imamu alipotoa salamu, Shaame hakungoja dua. Alikwenda mbio kwa Nadhira, mzee wa miaka sabini na tatu, na alichoambiwa asubuhi kilikuwa kimeshamtoka kichwani.

Rahila na mtoto walishatolewa kwa mlango wa nyuma. Kazija alikuwa mbele ya kabati, kopo la makumbi ya nazi likifuka moshi miguuni pake. Akikata sega polepole, akilifunga kwenye kijiti kwa kamba ya ugomba, akiliweka mzingani. Nyuki walimtambaa mikononi, watulivu.

"Mama yao keshaingia," alimwambia Nadhira aliyesimama uani. "Hawa wengine watamfuata wenyewe."

Shaame angesimama hapo hapo uani, mambo yangekwisha kwa salama. Lakini alimwona nyuki mmoja akipanda begani kwa mkewe, akielekea shingoni. Woga ukampeleka mbele.

"Kazija, toka! Toka humo!"

Mvumo ukabadilika. Nyuki wakaiacha mikono ya Kazija, wakaijia kanzu ile nyeupe inayonuka udi. Wakamjaa ndevuni. Shaame akapiga ukelele. Kazija akageuka, akavua kanga yake kichwani, akamfunika nayo, akamsukumia jikoni, akavuta mlango.

"Usifungue!" alisema akiwa nje.

Kazija alipoingia, naye sasa akinuka udi, mkono ulikuwa shingoni. Mwiba ulikuwa mmoja. Shaame aliukwangua kwa ukucha.

Gari ya jirani Hamzah ilipatikana upesi. Wakati wanampakia, Shaame aliliona pembezoni mwa ua dumu la mafuta ya taa alilolileta mume wa Nadhira. "Wachomeni!" akapiga kelele. "Wachomeni wote!"

Hawakuchomwa. Jioni, wale waliokuwa malishoni waliporudi, Nadhira aliufunga mzinga kwa kitambaa, kama alivyokuwa akimwona Kazija akifanya. Uko kwenye mkarafuu wa tatu mpaka leo. Shaame hupita mbali nao, lakini kila siku hupita.

Kazija hakufika hospitali. Karibu na Gombani, kichwa chake kimelazwa juu ya kanzu ile ile, alimshika mumewe kidole. Ulimi ulikuwa mzito, lakini neno lilisikika lote:

"Usiwaue, Baba Suhaila. Hawakujua kama ni miye."