Mlango wa Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani yake pale soko la Ishiara, fundi mmoja wa nguo huandika kazi za siku kwa chaki kwenye mlango wa kibanda. Zamani aliandika mpaka mlango ukajaa. "Leo leo, mama, utaipata," alimwambia kila mteja kwa upole, pini zikiwa zimebanwa mdomoni, na kufikia saa sita alikuwa anashona mkono wa kulia upande wa kushoto, chai yake imepoa kando.

Siku moja Ciakuthii, kiongozi wa kwaya, alifuata magauni ya waimbaji wake. Fundi akainuka haraka kumpokea, na gauni alilokuwa akilishona nalo likainuka. Alikuwa amelishona pamoja na sketi aliyoivaa mwenyewe.

"Sasa fundi," Ciakuthii akasema, "tutakuvaa na wewe?"

Fundi alitaka kulia, lakini kicheko kikamshinda, pini zikamwagika. Alipojinasua, akafuta mlango wote kwa kitambaa chenye maji, akaandika kazi moja tu: magauni ya kwaya.

"Na sketi ya dada yangu uliyosema ni leo?" Ciakuthii akauliza.

"Leo siwezi, mama. Jumatatu."

Wateja wengine walinung'unika, ila jioni magauni yote yalikuwa tayari.

Jumatatu ilipofika, sketi ilikuwa imeshonwa na kupigwa pasi. Dada mtu hakuonekana. Alikuja Alhamisi, akashangaa kuikuta tayari. Nani amewahi kuamini Jumatatu ya fundi?