Fito Zinazorudi

Odile Thouvenel hakuwa mwoga. Mwanamke aliyebaki peke yake katika karakana ya marehemu baba yake vita vyote, akifunga singa za farasi kwenye pinde za fidla za watu wengine ili apate mkate, woga angeutoa wapi? Lakini majira yale ya baridi, mwaka mmoja baada ya mizinga kunyamaza, alianza kuogopa mlio mdogo uliotoka dirishani mchana kweupe. Tik. Kisha kimya. Kisha tik tena.

Ulikuwa mlio wa fito za pinde za kaka yake zikijinyoosha.

Mirecourt, mji wao wa mafundi wa fidla kule Ufaransa, hata mtoto anajua: ufito wa upinde haukatwi ukiwa umepinda. Unapigwa randa ukiwa umenyooka, unapitishwa juu ya makaa, unakandamizwa kwenye ukingo wa meza mpaka ubonyee katikati, kisha unatundikwa. Joto likifika kwenye kiini, mpindo hautoki tena, utakufa wewe uuache. Lisipofika, mti unakukubalia vizuri tu, unakuchekea, na kesho yake umerudi ulivyokuwa. Mti ule mwekundu wa Brazili una kiburi. Mimi sijawahi kuupenda.

Baba yao hakuwa na saa. Joto alilipima kwa Salamu Maria: unaianza ufito unapokuwa juu ya makaa, unausogeza polepole, na huutoi mpaka umesema "saa ya kufa kwetu, amina." Odile na kaka yake Firmin waliijua sala hiyo kwa harufu ya mti wa moto kabla hawajaijua kanisani. Fito alizozipinda Firmin wiki aliyoitwa jeshini bado zilining'inia dirishani, na hazikuwa zimesogea hata unywele.

Zile alizozipinda tangu arudi zilirudi zote.

Aliingia mjini mwezi wa Novemba, kwa miguu, taya limeshonwa upya na madaktari wa jeshi, nusu ya uso imevutwa upande, sauti ikipitia puani. Odile alikuwa mlangoni na ndoo. Aliona kimo kile na koti lile la jeshi, akatupa ndoo, akapiga ukelele, "Firmin!" akamrukia shingoni. Mtu yule alisimama mikono ikining'inia. Ilichukua muda kabla hajamkumbatia.

Alijua droo ya patasi. Alijua jina la mbwa wao aliyekufa, na jinsi Odile alivyotumbukia mto Madon siku ya komunyo yake ya kwanza, na gauni lake jeupe. Lakini alifuta miguu kila alipoingia ndani, jambo ambalo kabla ya vita hakulifanya. Na zile fito za zamani hakuzigusa kamwe. Alizipita ameinamisha kichwa, kama mtu anayepita mbele ya jeneza.

"Shoga," alisema Zélie, jirani yake mfuma lesi, aliyekaa kutwa dirishani na mto wake wa kuchomekea pini za kufumia, "hebu niambie, vita gani hivyo vinavyowatia wanaume adabu? Firmin wako leo kanisalimia kofia mkononi. Firmin! Aliyekuwa akinitilia vyura kikapuni!"

"Amekua, Zélie."

"Kakua, sawa. Na kuoga anaoga! Mimi ningekuwa wewe ningempeleka kwa padri akamnyunyizie maji."

Wakacheka. Odile alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akaingia ndani, na pale mlangoni kicheko kikamkauka. Fito tatu za jana zilikuwa zinayumba kidogo kwenye ndoano zao, na dirisha lilikuwa limefungwa. Zilikuwa zimenyooka kabisa.

Haikuwa mizimu iliyomtisha. Kilichomtisha ni hesabu nyepesi ambayo hakutaka kuimaliza: kama huyu si Firmin, basi Firmin yuko wapi? Maadamu mtu huyu alikaa mkabala naye akinywa supu ya kabichi, kaka yake alikuwa hai. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajafungua mapazia, Odile alimwomba Mungu jambo la kipuuzi. Aliomba fito zikae zilivyopindwa.

Siku moja karibu na adhuhuri alichukua singa zake, akaenda kuzichana karibu na seredani ya makaa ili amwone anavyofanya. Mwanamume alishika ufito juu ya makaa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Anaijua! Moyo wa Odile ukaruka kwa furaha. Akaifuata sala kimoyomoyo pamoja naye, neno kwa neno, na walipofika "utuombee sisi wakosefu," mkono ukashtuka ukautoa ufito. Akaupinda, akautundika. Akachukua mwingine. Pale pale, kama farasi anayegoma darajani, mkono ukashtuka tena.

"Kaka, unautoa mapema."

"Najua."

"Sasa kwa nini unautoa?"

"Sala haimaliziki."

Odile aliweka singa chini. Alichukua ufito mpya, akampa, akasimama nyuma yake, akaishika mikono yake kwa mikono yake. "Tutaimalizia wote," alisema, akaianza kwa sauti, kwa mwendo ule ule wa baba yake. Mti ukaanza kunukia. Walipofika kwa wakosefu mikono ya mwanamume ikavuta. Odile akaikaza, naye si mtu wa kushindwa na mikono. Maneno ya mwisho aliyasema peke yake, kwa nguvu, mpaka amina.

"Haya, pinda!"

Wakakandamiza pamoja. Ufito ulitii bila kutoa sauti yoyote. Wakabaki wameushikilia hivyo mpaka ukapoa, na Odile akajua viganjani mwake kwamba huu hautarudi.

"Firmin aliimaliza," alisema mtu yule.

Odile hakuiachia mikono yake.

"Tulikuwa shimoni kule vitani, mimi na yeye, na usiku mwingi alinisimulia nyumba hii na kazi hii. Tumbo lake lilikuwa limefunguka. Akasema tusali ile ya baba, ya kupimia makaa. Mimi nilinyamaza katikati, dada. Yeye akaifikisha mwisho." Aliutazama ule ufito uliopinda. "Nilikuja kukwambia hilo tu niende zangu. Ukaniita kwa jina lake kabla sijafungua mdomo, ukanishika shingo. Nikashindwa."

Dirishani kitu kililia, tik, na hakuna aliyegeuka kutazama.

"Aliisema haraka?" aliuliza Odile.

"Hapana. Polepole. Polepole sana."

Ndipo Odile alipoiachia mikono ile. Odile alikaa chini kwenye vumbi jekundu la mbao, akamlilia kaka yake kwa sauti, na yule mtu ambaye bado hakumjua jina akakaa sakafuni kando yake.