Mama Aliyebatizwa Akakosa Kufa

Msicheke nikisema enzi zetu. Najua nina miaka kumi na saba tu, niko kidato cha pili, na ndevu zangu bado zinahitaji mtu mwenye macho mazuri. Lakini mtu aliyepitia Majilio ya Kilatini amezeeka, hata kama uso wake haujapata habari. Nyinyi mliotumikia altareni pamoja nami mnanielewa. Hawa wadogo wa sasa, wanaosomewa misa kwa Kidholuo huku padri akiwatazama na kuwachekea, hawajui lolote. Sisi padri tulimjua kwa kisogo, maana alisoma misa ametupa mgongo. Mimi mpaka leo nikikutana naye sokoni Rongo ananijia kwa mbele, inabidi ageuke kwanza ndipo nimtambue.

Majilio yetu, zile wiki nne za kungoja Krismasi, yalikuja na mvua, na matope, na njaa. Shule ilikuwa imefungwa, mtu ukidhani umepona, kumbe katekista anakungoja. Padri alivaa zambarau, meza ikavalishwa zambarau, na mimi nadhani hata ugali ule ulikuwa na rangi ya zambarau kidogo. Ngoma zilinyamazishwa. Harusi hazikufungwa, aliyetaka mke alitakiwa kuvumilia mpaka Krismasi ipite. Nyama siku ya Ijumaa ilikuwa dhambi, jambo ambalo kwetu halikumuumiza mtu, kwa sababu samaki waliruhusiwa, na wewe mtu wa ziwani ukimwambia ajinyime nyama ale ngege ni kama kumpeleka jela ya nyumbani kwa shangazi. Taabu ilikuwa kumbikumbi. Wanaruka majira yaleyale, wanene, wanang'aa mafuta, na sisi tulikwenda mafundisho mifuko imejaa. Mmoja wetu akauliza kama kumbikumbi ni nyama. Mwalimu Yakobo, katekista wetu, alifikiri siku nzima. Mwishowe akasema mwenye mabawa ni nyama, lakini akishaanguka mabawa yake ni nafaka. Tulikaa chini tukayang'oa mabawa kwa uchaji mkubwa.

Mwalimu Yakobo alikuwa na koti moja jeusi na fimbo ya mpera. Alituuliza maswali ya katekisimu mmoja mmoja, na ukikosea, fimbo ilikukumbusha jibu ambalo hujawahi kulijua. Magoti yangu mpaka leo yana alama za sakafu ile. Nilichoka utotoni uchovu ambao watu wengine huungoja mpaka wapate wajukuu.

Katika yote aliyotufundisha, tulipenda fundisho moja tu: kwamba mtu yeyote, hata mtoto, anaweza kubatiza mtu anayekufa kama padri yuko mbali. Unamwaga maji kichwani, unataja jina, unasema maneno, basi. Madaraka makubwa namna hiyo kupewa watoto wa darasa la tatu! Jumamosi iliyofuata tulibatiza kuku wote wa boma letu, tukisema wako katika hatari ya kifo, na kweli walikuwa, maana Krismasi ilikaribia. Jogoo aliitwa Petro. Mama Roza alipotukamata alituchapa, kisha akaketi akacheka mpaka akajifuta machozi na leso.

Huyu Mama Roza ni mke mkubwa wa baba yangu. Mimi ni mtoto wa nyumba ya pili. Mama yangu watu walimwita Nyar Kadem, binti wa Kadem, kwa sababu alitoka huko, na kwa sababu jina lingine hakuwa nalo. Jina la ubatizo lilipewa waliobatizwa, na mama, akiwa mke wa pili, hakubatizwa. Mama Roza alikuwa Mkristo wa miaka mingi, anakaa benchi la mbele, anapokea komunyo. Mama alikaa benchi la mwisho pamoja na wanaojifunza, na alijifunza hapo tangu sijazaliwa. Watu waliingia benchi lile baada yake wakabatizwa, wakafunga ndoa, wakabatiza watoto wao. Yeye alisogea kuwapa nafasi, akawaona wakihama kwenda mbele. Kila Majilio padri alitangaza majina ya watakaobatizwa Krismasi, na kila Majilio mama alifunga leso vizuri siku hiyo, kana kwamba padri anaweza kujisahau, jina lake likajitaja lenyewe.

Padri alimwambia waziwazi. Mlango uko wazi, ila atoke kwanza katika nyumba ya mume wa mtu. Mama alikuwa akiitikia kwa heshima, kisha anarudi nyumbani kupika, kwa kuwa mume wa mtu alikuwa na njaa. Mzee wetu yeye si mtu wa kanisa. Ujana wake alichimba dhahabu Osiri, na kutoka kwenye mashimo yale alileta kikohozi tu. Padri alipomwendea kuhusu jambo hili, mzee alimpa kiti, akampa maziwa ya mgando, akamwambia Mungu wake akitaka wanawake wa boma hili awachukue wote wawili, mradi asimwachie chungu bila mpishi.

Sasa ikaja Majilio ya mwaka ule kabla ya bendera kubadilishwa. Mvua ilinyesha kama ina kisasi. Mto Kuja ulifurika, padri akabaki ng'ambo na pikipiki yake, na mama akashikwa na malaria ya kichwa. Siku ya pili hakutujua tena. Aliongea na watu wa kwao waliokwisha kufa, akiwauliza habari za ng'ombe. Mganga wa dispensari alikuwa ng'ambo vilevile. Mzee aliketi mlangoni akitazama mvua, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo sikumsikia akikohoa.

Aliyekwenda kumwita Mwalimu Yakobo ni Mama Roza. Alifunga kanga kiunoni, akatoka mchana ule kwenye mvua, mama mzito kama yule, na akarudi akimvuta katekista kwa mkono wa lile koti jeusi. Sisi watoto tulisimama ukutani, na maneno tuliyasikia yote.

Mwalimu Yakobo alisimama kando ya kitanda. Alijua sheria: kabla ya kumbatiza mke wa pili, hata akiwa anakufa, lazima umwulize kama akipona atamwacha yule mume. Akainama akamwuliza mama. Mama alimwangalia tu. Akauliza tena. Mama akafumba macho. Mpaka leo hakuna ajuaye kama alizidiwa na homa au alikuwa amejibu.

"Mbatize, Mwalimu," Mama Roza akasema. "Maswali mtaulizana mbinguni."

"Mama, sheria..."

"Sheria iko ng'ambo ya mto. Mwaga maji."

Akamwaga. Kwa haraka yake, nusu ya maji iliingia sikioni. Ikafika pa kutaja jina, na maskini Yakobo, ambaye alijua watakatifu wote wa mwaka, akawakosa wote. Akatazama huku na huku, macho yakamwangukia aliyekuwa amesimama mbele yake. Akasema, Roza, ninakubatiza. Hivyo ndivyo boma letu lilivyopata Roza wawili, na hivyo ndivyo mke mkubwa alivyokuwa mama wa ubatizo wa mke mwenzake. Tafuteni popote kutoka Homa Bay mpaka mpakani, hamtapata boma lingine la namna hiyo.

Mwanamke aliyekwisha kubatizwa namna hiyo ana kazi moja tu iliyobaki, nayo mama hakuifanya. Alilala, akatoka jasho, na kesho yake akaomba uji. Kesho kutwa akauliza nani amemwagia maji kitanda chake.

Boma likashangilia. Mwalimu Yakobo peke yake ndiye aliyehuzunika, kwani mke wa pili aliyembatiza bila jibu alikuwa hai, na padri angerudi. Alipita njia ya mbali asiuone mlango wetu, na mafundisho ya wiki ile hatukuchapwa hata kidogo, akawa anaangalia dirishani. Sisi tulimwonea huruma. Tulimwambia hata Petro jogoo alikuwa bado hajachinjwa.

Mto ulipopungua padri alikuja, matope mpaka kwenye miwani. Aliketi kwenye kiti kilekile, akapewa maziwa yaleyale. Mama alipiga magoti mbali kidogo, Mama Roza akasimama nyuma yake. Padri hakuwa mkali. Alionekana amechoka kuliko sisi sote, mtu ambaye amevuka mto kuja kusema jambo asilolipenda. Alisema maji yakishamwagwa hayazoleki: mama ni Mkristo, ni Roza, hakuna wa kulifuta jina hilo. Lakini meza ya Bwana ni jambo jingine. Kuijia meza, lazima atoke katika boma la mzee.

"Akitoka," Mama Roza akauliza, "watoto wake nitawaambia yuko wapi? Kanisani?"

Padri akavua miwani, akaifuta matope. Akasema basi iko njia nyingine, njia ya kungoja. Siku mzee atakapotangulia, Roza Mdogo atakuwa mjane, na mjane anakaribishwa mezani.

Mzee, ambaye alikuwa amekaa palepale akisikiliza kifo chake kikipangwa kama safari ya soko, akakohoa vizuri kabisa, akamwambia padri aongeze maziwa.

Krismasi ile nilikuwa altareni nimeshika sahani ya komunyo chini ya videvu vya watu, nawaona wote. Mama alitoka benchi la mwisho akasogea mbele benchi moja, kwa kuwa sasa alikuwa mbatizwa. Watu walipojipanga kwenda komunyo yeye alibaki amekaa, mikono mapajani. Mama Roza alipokea, na badala ya kurudi mbele kwenye nafasi yake, alitembea mpaka nyuma, akaketi karibu na mama. Hajarudi mbele tangu siku hiyo.

Na siku hizi? Siku hizi kila kitu kimegeuzwa. Altare imegeuzwa, padri amegeuzwa, Kilatini kimezikwa bila matanga. Ngoma zimeingia kanisani kwa mlango mkubwa. Watoto wa sasa wakisikia Majilio wanauliza shati jipya ni rangi gani, na mafundisho wakikosea jibu wanaambiwa wajaribu tena, kwa upole. Jaribu tena! Kumbikumbi wanawala na mabawa yao. Huwatazama nikasikia uvivu hata wa kuwaonea wivu. Mwalimu Yakobo amestaafu, fimbo ya mpera inazuia mlango wa kibanda chake cha mbuzi, na tukikutana ananiuliza kwanza habari za kifua cha mzee. Kila mtu huku huuliza habari za kifua cha mzee, na kila mtu anajua anauliza nini.

Kwa sababu kifua kimekuwa kibaya. Tangu nirudi likizo hii namsikia akikohoa kutoka nyumba ya pili mpaka barabarani. Na mama kila siku yuko juani na mvuani akitafuta majani ya mkaratusi, anayachemsha, anamfunika mzee blanketi avute ule mvuke, anamlisha asali aliyoagiza kutoka kwao Kadem. Akiuza omena, wale dagaa wetu wa ziwani, sokoni, senti zinarudi zikiwa chupa ya dawa. Jumapili anafunga leso yake vizuri na kwenda kukaa benchi lile la pili kutoka mwisho, na Mama Roza kando yake.

Jana alasiri nilimkuta jikoni na rozari. Mimi ni mtu wa mzaha, mdomo wangu hauna breki, nikamwuliza Majilio haya anaombea nini.

"Mzee apone kifua," akasema.

"Na komunyo, Mama?"

Akasogeza shanga moja. "Hiyo itangoja. Kungoja nimezoea."

Nikainama kuchochea moto. Mzee akakohoa nyumbani, na mama akaiweka rozari juu ya kinu, akanyakua chungu cha majani, akatoka mbio kuliko nilivyowahi kuona mtu akiitikia kengele ya altare.