Kitako cha Bunduki Kutoka Mtoni

Haya sikuhadithiwa na jirani. Yamenikuta mimi na mume wangu, na mwenye kutaka kucheka acheke, ila kwanza anisikilize.

Mume wangu, Makame, ni msasi. Huku kwetu, nyuma ya Kiwengwa, mimi nalima mwani, yeye analinda mihogo ya watu isiliwe na nguruwe mwitu. Kibali anacho na bunduki anayo. Sasa Makame ni mashoto, na bunduki yake ni ya mashoto vilevile: lile komeo unalolivuta ili risasi iingie liko upande wa kushoto. Siku moja aliteleza kwenye mawe makali ya msituni, kitako kikapasuka. Kitako ni ule mti wa bunduki unaoegemea begani na shavuni. Bila huo una chuma kitupu mkononi.

Tukenda mjini kutafuta kingine. Mchonga milango mmoja wa Mji Mkongwe, mzee wa watu, akatuonesha vitako vya zamani, lakini vyote vya mkono wa kulia. Pa kupitisha komeo pako upande sio, na pa kulaza shavu pamevimba upande wa pili. Akasema atatuchongea cha mfenesi, ila tungoje. Makame na kungoja wapi na wapi! Mtu mmoja aliyekaa barazani akamwambia, "Nenda Mtoni, kwa yule mwanamke wa nyuma ya magofu ya kasri. Yeye anavyo vya mashoto."

Ningelijua, ningelimkamata kanzu tukarudi nyumbani.

Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Tukakuta nyumba ndogo, safi, mlango wazi. Akatoka mwanamke, na nisiseme uongo, alikuwa mzuri. Mzuri wa kukuudhi. Nikamsalimu, akaniitikia bila kunitazama. Macho yote kwa Makame.

"Karibu, mashoto."

Nani kamwambia kuwa ni mashoto? Bunduki tulikuwa tumeifunga guniani!

Akatoa vitako viwili, kimoja cha msaji, kimoja cheusi, cha mti nisioujua. Nikasema, "Chukua cha msaji, mti imara huo." Yule mwanamke akacheka. Akamshika Makame mkono, akampima kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kufyatulia. Kisha akamlaza shavu kwenye kile cheusi, akimsukuma kichwa taratibu kwa kiganja. Mbele yangu! Na mume wangu akafumba macho kama mtoto anayebembelezwa. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawa moto.

"Yatosha, dada," nikamwambia. "Huyo ana mwenyewe."

"Hiki nlimchongea kabla wewe hujamjua."

Hapo ndipo nilipoitazama mikono yake. Alikuwa amekishika kitako kwa mikono miwili, na vidole gumba vyote vimeelekea upande mmoja. Niamini ninalokwambia. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Nikamvuta Makame nguo. Yeye kang'ang'ania, anauliza bei.

"Sitaki pesa," akasema yule mwanamke. "Changu ntakifuata."

Njiani nikamweleza nilichokiona. "Wivu wako tu huo, mke wangu," akanijibu.

Basi kile kitako cheusi kilikaa barabara, hakikutaka kupunguzwa wala kuongezwa. Makame hakukosa shabaha tena. Lakini mimi nikawa mke mwenza wa kipande cha mti. Kila jioni anakipaka mafuta ya nazi. Chakula kinapoa, yeye kakiegemea shavu. Siku moja natoka pwani na gunia langu la mwani, nikasikia mwanamke anacheka chumbani mwangu. Nikasukuma mlango. Makame peke yake, bunduki mapajani, na chumba chanukia asumini. Mimi asumini sina.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Nilitafuta mpaka uvunguni. Usiniulize nililia vipi.

Kesho yake nilikuwa nachimba mihogo, nikasikia komeo likivutwa nyuma yangu. Nikageuka. Makame alikuwa amenilenga, shavu kwenye kitako, macho kayafumba. Kidole cha kushoto kiko pa kufyatulia. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Ulioshika bunduki kwa chini haukuwa wake. Ulikuwa mkono wa kike, wa kushoto, na hapakuwa na mtu nyuma yake.

Nikapiga ukelele, nikamwita kwa jina lake na jina la mama yake. Akafumbua macho. Bunduki ikaanguka.

"Kanambia pana nguruwe," akasema. "Kanambia, fumba macho, ntakulengea mimi."

Siku ile ile tukakifungua kitako, tukakirudisha Mtoni. Nyumba hakuna. Pana majani yaliyotupita vimo na kipande cha ukuta. Tukakilaza pale, tukasoma tulichojaaliwa, tukaondoka. Mimi sikugeuka nyuma. Makame aligeuka. Hilo sijamsamehe.

Bunduki ikapata kitako cha mfenesi, kazi ya yule mzee wa mjini. Mara yapata, mara yakosa, na mimi nashukuru. Ila tangu siku ile, tukienda shamba simtangulii mume wangu. Mimi nyuma, yeye mbele. Na ziko jioni hukaa shavu kalilaza kiganjani, nami najua anamkumbuka. Nimwambie nini? Mwanamke mwenzio utamwendea mlangoni umtukane. Huyu mlango wake uko wapi?

Basi nawe, mgeni akimpima mumeo kabla hajamuuliza jina, usitazame uzuri wa kitu wala usifurahie cha bure. Mshike mkono mwende zenu, hata kama kitakachowasubiri nyumbani ni bunduki isiyo na kitako.