Visigino vya Milimani

Mume wangu, Lahbib, ambaye mafundi humwita Maalem, yaani fundi mkuu, ameshona sapatu hapa mjini Fes tangu hajaota ndevu, na ukizisema vibaya sapatu zake umemgusa roho. Huzivaa kama waungwana wa mjini: ngozi ya nyuma imelazwa, kisigino nje. Marehemu baba yangu, mtu wa milimani, aliisimamisha ikashika mguu. Kwa hilo mume wangu alimcheka mbele ya watu siku ya harusi yetu, na mimi sijasahau.

Halafu ukaja huu ugonjwa wa Parkinson. Mkono ukatetemeka, miguu ikawa inaburuta, mara inagandia mlangoni kama imepigiliwa misumari. Alipoanguka sokoni mafundi wenzake wakakata shauri: kwenye maandamano yao ya kila mwaka kwenda kaburini kwa walii Mulay Idrisi, mwaka huu atasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Siku hiyo hakula.

Nikampeleka kwa daktari wa miguu, Ghizlane, binti asiyemung'unya maneno. Akamkata kucha, akamkwangua sugu, akamwonyesha vidole vilivyojikunja.

"Baba, vidole vinang'ang'ania sapatu isichomoke, ndiyo maana huinui mguu. Vaa kiatu kinachoshika kisigino."

"Cha dukani? Bora hicho kiti."

Nilikasirika, wallahi. Nikaokota sapatu zake, nikainua ile ngozi ya nyuma, nikamvisha.

"Itto, unataka nifanane na baba yako?"

"Baba yangu alishuka milima nazo mpaka uzeeni, wala hakuanguka. Haya, tembea."

Daktari akamwambia ainue goti, atangulize kisigino. Akaenda mpaka dirishani, akageuka, akarudi, wala miguu haikuburuta.

Nyumbani akashona jozi mpya, nyuma imesimama, ndani ngozi laini. Mkono hutulia asubuhi dawa ikimkolea, basi alishona asubuhi tu, na ole wake aliyetaka kumshikia sindano.

Siku ya maandamano nilisimama ukutani na wanawake wenzangu, roho juu. Akaja kwa miguu yake, polepole, mstari wa mbele. Fundi mmoja akamtania: "Vipi Maalem, umehamia milimani?"

"Nimeoa huko," akajibu kwa sauti ya kunifikia. "Na mkwe wangu ndiye aliyekuwa anajua kuvaa."

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.