Nyumba Iliyoezekwa Nusu

Mume wangu aliinunua nyumba yetu ya kwanza bila kuingia ndani. Nikisema hivi siku hizi watu hucheka, lakini wakati ule mimi sikucheka hata kidogo. Aliizunguka nje, akagonga kuta kwa ngumi, akalitazama paa kutokea uchochoroni, kisha akakaa barazani na ndugu wawili wa marehemu mwenye nyumba, wakanywa kahawa na kukubaliana. Ndani hakutia mguu kwa sababu ndani mlikuwa na mwanamke, na mwanamume mwenye adabu zake hapiti mbele ya mke wa watu ati anakagua boriti. Mimi ningeweza kuingia mpaka jikoni nikafunua na vyungu, lakini sikutumwa. Alitaka iwe habari ya ghafla, nifurahi.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha si muda mrefu, nasi tulikuwa tukikaa kwa mama mkwe, upande mwingine wa mji. Sitamsema vibaya, amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Nitasema tu kwamba chumvi ya mchuzi wangu ilijadiliwa na nyumba nzima, na kwamba mimi nilizaliwa Pangani, na hapakuwa na mtu Bagamoyo aliyeniacha nikasahau hilo. Nilikuwa wa kuja. Nilitaka kitu kimoja tu: nyumba ambayo ndani yake hakuna wa kuniuliza kwa nini nimekaa hapa na si pale.

Basi siku ya kuhamia nyumba hiyo, mtaa wa Dunda, nilitangulia na furushi langu kichwani. Nikapita ukumbi wote, nikasukuma mlango wa chumba cha nyuma, na pale nikamkuta mama mmoja wa makamo ameketi mkekani, amejitanda nguo nyeupe, anasuka ukili wa mkeka. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka, nikabaki na furushi langu mlangoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Ndio nyie mlionunua?"

Alikuwa amekaa eda. Mumewe alifia chumba kile kile, na dini ilimtaka abaki humo miezi minne na siku kumi, wala hakuwa amefika hata nusu. Mashemeji zake walilijua hilo. Fungu lake walimpa, sitawasingizia, lakini walikuwa na haraka zao, na kumwambia mnunuzi kwamba nyumba bado ina mtu hawakuona sababu. Naye mnunuzi, bwana wangu, alidhani kila anayeuza nyumba huondoka na watu wake.

Nilitoka nje moto. "Umeninunulia nyumba au umeniletea mke mwenza?"

"Sema polepole, bibie, anasikia."

"Asikie!"

Lakini maneno yalikuwa ya mdomoni tu. Nani angemtoa mwanamke edani akamweka njiani? Hata mimi na hasira zangu zote sikuwa na ujasiri huo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti, kuta za mbele zimepakwa chokaa iliyokuwa ikibanduka. Mume wangu alikuwa seremala, na kwa hamu yake alikwisha kusanya boriti, fito na makuti, na rafiki zake walikuwa tayari kuezeka kabla ya masika. Wakapanda siku ya pili. Wakang'oa makuti mabovu ya upande wa mbele, wakaezeka mapya vizuri, wakafika mgongoni mwa paa, wakasimama. Upande wa pili ulikuwa juu ya yule mama na juu ya uani alikopikia. Ungeng'olewa, wanaume wanne wangekuwa wanamtazama kutoka juu. Walishuka mmoja mmoja, wakafungasha kamba zao, wakasema watarudi eda ikiisha. Nyumba ikabaki mbele mpya na nyuma kuukuu. Watoto wa mtaa walisema imenyolewa upande mmoja, nami niliwafukuza kwa ufagio.

Mume wangu alivumilia muda mfupi. Choo kilikuwa uani, na kila alipotaka kwenda ilimbidi akohoe ukumbini, angoje yule mama ajifungie, akohoe tena. Alikohoa mpaka jirani akaniuliza kama amepata pumu. Mwishowe akasema nyumba haifanyiki kazi kwa sasa na fedha zimekwisha, akapata kazi ya useremala Dar es Salaam. Baadhi ya Ijumaa alikuja na lori, vumbi la njia ya Kerege mpaka kwenye nyusi, akala, akalala, akaondoka. Nikabaki na nusu ya nyumba na mwanamke wa watu.

Mwanzoni tulisalimiana tu. Yeye alipika kwenye mafiga yake, mimi kwenye yangu, kila mtu na moshi wake. Nilijifanya mwenye shughuli nyingi. Nilifagia ua uliokwisha fagiwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke kuliko nilivyokuwa kwa mama mkwe, na jambo hilo lilinitia hasira, kwa kuwa nililiomba mwenyewe. Kule angalau nilikuwa na watu wa kununiana nao.

Masika yakaingia. Upande wangu halikupenya tone. Upande wake maji yalishuka kila mahali, nami nilisikia kutwa akiburuta mkeka toka pembe hii kwenda ile, bila kulalamika, bila hata kusonya. Laiti angesonya, ningestahimili. Alasiri moja nikaingia, nikaukunja mkeka wake, nikaukumbatia.

"Mama, hamia kwangu."

"Chumba chako kina dirisha la njiani, mwanangu. Nitaonekana."

Nikaenda nikagongomea kanga mbili dirishani, moja juu ya nyingine, kwa misumari ya mume wangu mizuri aliyoitunza kwa ajili ya mlango. Tangu siku hiyo tulikaa chumba kimoja, gizagiza, ila Ijumaa za mume wangu yeye alirudi kwake, na tukawa na jiko moja.

Mvua zilipopungua tukaona kuta za ndani zimeliwa, fito zimebaki wazi. Wanaume wasingeweza kuingia, kwa hiyo tulikandika wenyewe. Tulichimba udongo uani, tukamwaga maji, yule mama akafunga nguo zake nyeupe magotini na kuanza kuukanyaga. Mimi nilikuwa sijui. Nilipaka udongo kwa vidole, taratibu, ukawa unaanguka.

"Huupaki mafuta huo," akaniambia. "Upige! Ubamize ushike."

Tulibamiza. Alinisimulia kwamba ukuta ule aliukandika na marehemu walipooana, naye marehemu aliuchanganya udongo majimaji ukamwangukia wote kichwani, akaenda msikitini na udongo masikioni. Alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu akaendelea kubamiza. Jirani mmoja aliyekuja kumwona alimuuliza, mbele yangu, inakuwaje anahangaika na nyumba iliyokwisha uzwa.

"Ukuta unaanguka," akajibu. "Nikae niutazame?"

Sijui ni siku gani nilianza kuiogopa siku ya mwisho wa eda yake. Mume wangu alikuja Ijumaa moja amechangamka. "Vumilia, bibie, kumebaki kidogo. Nyumba itakuwa yako peke yako." Alipofumba macho nikamwamsha, nikamwambia nataka yule mama abaki. Alikaa kitako, akanitazama kama aliyeamshwa nyumba siyo. Kisha akasema, "Mwambie abaki. Chumba kipo. Mimi nitakohoa." Alikuwa mtu mwema, mume wangu, nami kwa sababu ya neno hilo nimemsamehe mengi.

Nilimwambia yule mama asubuhi, tukichambua mchele. Nilisema yote kwa pumzi moja. Aliendelea kuchambua.

"Kaka yangu wa Kerege ananingoja," akasema.

"Atangoja bure. Kaa hapa."

"Mtazaa, mwanangu. Watoto wakikua mtakitaka chumba, nawe utaona haya kuniambia. Nitakuona unavyoona haya. Acha niondoke wakati bado unanitaka."

"Mimi hapa sina mtu," nikasema. Sikuwa nimewahi kulisema kwa mdomo, hata kwa mume wangu.

Akaweka ungo chini, akanishika mkono. "Najua," akasema. Lakini hakubadili neno.

Siku ilipofika wanawake wa mtaa walikuja kumwogesha. Wakamvisha kanga mpya, wakamfukizia udi, wakamtia wanja, na nikaona kwa mara ya kwanza kuwa alikuwa mzuri. Kaka yake alingoja barazani. Yule mama alitoka kwa mlango wa mbele, akanibusu kichwani, akaenda zake kwa mwendo wa polepole, maana miguu ilikuwa imesahau njia.

Adhuhuri ile ile wanaume walikuwa juu ya paa. Walifanya kazi kwa kelele na mzaha, na baada ya siku chache nyumba ilikuwa imeezekwa yote. Mume wangu akaizunguka mara mbili, mkono mgongoni, akaridhika. Kisha lori likaja, akapanda.

Niliingia ndani nikaketi. Palikuwa pakavu, kuta zimenyooka, hakuna aliyeniuliza kwa nini nimekaa pale. Mlango wa uani ukabishwa hodi. Miezi yote ile aliyeitika hodi za wanawake ni yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwa kuwa hodi zenyewe zilikuwa zake. Nikanyamaza, nikingoja mwenye nyumba aitikie. Hodi ikapigwa tena, na tena, kisha nikasikia mpigaji anageuka kuondoka. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa ni mimi.